Ngoma ya Repo

Niseme tangu mwanzo ili nisibishane na mtu: ngoma ya Repo niliitunga mimi. Wako watu pale Kasongo watakaokuambia ilitoka Nyangwe kwa wapiga makasia, na wako watakaoapa kwamba ni ya mababu. Waache waseme, midomo ni yao. Niliitunga mimi, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mchi mkononi na makapi ya mpunga kichwani, na nitaeleza namna ilivyokuwa.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, upande wa Wamaza. Kilikuwa karibu na barabara mno, kila kamio, yaani lori, ikipita inatutilia vumbi ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Barabara ilikuwa ya Leta, yaani ya serikali ya Wabeleji, na Leta aliweka watu wa kuitengeneza kila siku. Watu hao tuliwaita kantonye. Walikuwa kumi kwa upande wetu, na kapita, msimamizi wao, alikuwa mzee aliyewahi kuwa askari. Bunduki aliirudisha, lakini amri alikuja nazo nyumbani.

Mvua ikishachimba mashimo, kantonye walimwaga udongo, kisha wakaushindilia kwa magogo mafupi yenye mpini. Kapita alisimama kando na kupiga kelele, “Ande! Ande!” Kwa kila ande magogo kumi yalipanda, magogo kumi yakashuka, na ukisikiliza ukiwa shambani ungedhani ni mtu mmoja mkubwa anatembea. Halafu ghafla: “Repo!” Hapo wote waliacha mara moja. Kila mmoja aliliegemea gogo lake, mguu mmoja umekaza, mwingine umelegea, kifua kinapanda na kushuka.

Kifaransa hatukukijua hata kidogo. Sisi tulidhani Repo ni jina la ule mkao, tena jina la nguvu, la kiaskari. Kwamba ande ni kuhesabu “moja, mbili”, na kwa Repo kapita alikuwa anawaambia wapumzike tu, nani angetuambia?

Sasa nizungumze juu ya mguu wangu, maana bila huo hakuna habari. Nilipokuwa bado ninatambaa nilishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliniachia mguu wa kushoto mwembamba na mfupi kuliko mwenzake. Nilichechemea. Nililima, nilichota maji, nilipanda kilima cha mtoni na mtungi kichwani bila kumwaga tone, lakini nilichechemea. Kitu nilichokichukia duniani ni mtu kuniambia “pole” wakati sijaumia. Mama yangu alikuwa na jibu lake kwa watu hao: “Mutoto yangu haiko kilema. Iko na haraka upande mumoja.”

Kwenye harusi sikucheza. Hakuna aliyenikataza, nilijua tu. Niliimba, tena niliimba vizuri, na niliwashika watoto wachanga wa wanawake waliokuwa wanacheza. Nusu ya kijiji kile nimewabeba mimi, na wote wamenikojolea.

Ngoma yenyewe ilianza kwa mchezo. Ulikuwa msimu wa kutwanga mpunga, tuko wanne uani, pamoja na wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye kwa kucheka hakuwa na mshindani. Nikasema, jamani, tutwange kama kantonye. Nikaanza, “Ande! Ande!” Michi minne ikashuka pamoja. Nikaita, “Repo!” Tukaegemea michi, mguu mmoja umelegea, vifua mbele kama wanaume. Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake walikuja wengine wawili kutazama, nao wakashika michi. Tukaacha vinu, tukapiga ardhi yenyewe. Kisha nikasema tutembee: ande mguu wa kulia, ande mguu wa kushoto, mchi chini, mchi juu, repo. Kabla mavuno hayajaisha, tulikuwa kumi na watatu.

Wazee wa kike walikasirika. Katika ngoma zetu za siku zote, watu hupiga makofi duara, na mwanamke mmoja huingia katikati kuonyesha kiuno chake, halafu anatunzwa, anabandikwa kitu kwenye paji la uso, anatoka, anaingia mwingine. Katika ngoma yangu hapakuwa na katikati. Wanawake wote walikwenda kama mwili mmoja, mmoja akigeuza shingo, shingo zote zimegeuka.

“Ngoma gani hii?” bibi mmoja akaniuliza. “Hakuna anayeingia katikati. Tutamutunza nani?”

“Mututunze wote, bibi.”

“Aa! Mukono wangu ni mumoja.”

Niliifundisha nikiwa mbele, mgongo wangu kwao. Nikiwageukia, kulia kwangu kunakuwa kushoto kwao na wanachanganyikiwa. Kwa hiyo wao walinitazama mgongoni, wakafuata kila nilichofanya, na mimi nilitazama mihogo ya jirani. Ngoma yangu mwenyewe sikuwahi kuiona. Tafadhali liweke hilo kichwani.

Baada ya muda habari ikaja kwa shefu, mkuu wa kijiji chetu: kutakuwa na sikukuu ya Leta pale Kabambare, na kila kijiji kipeleke ngoma yake mbele ya Bwana Administratere, mzungu mkubwa wa Leta. Mambo ya wanawake kijijini yalikuwa mikononi mwa mke mkubwa wa shefu. Tulimwita Mama Shefu. Alikuwa mtu wa haki, siwezi kumsingizia, lakini alimwogopa Leta kuliko radi. Alitutazama mara moja kwa mbali, kutoka barazani kwake, akapiga makofi. Siku iliyofuata aliniita.

Alinipa kiti. Hapo hapo nikajua mambo si mazuri, maana msichana wa rika langu alipewa mkeka.

“Binti yangu,” akasema, “ngoma ni nzuri sana. Hatuna ingine ya kupeleka. Lakini Leta anapenda mustari. Umeona askari wake? Mutu wa mbele ndiye anaonekana kwanza. Muzungu akiona mbele mutu anachechemea, atasema kijiji hiki kimekosa watu?”

Nikauvuta mguu wangu chini ya kiti.

“Utakuja na sie Kabambare. Utashika vikwembe vya wenzako. Utaimba ukiwa pembeni, sauti yako tunaihitaji. Mbele tutamuweka mutoto wangu.”

Mtoto wake alikuwa amerudi karibuni kutoka Kasongo, kwa masista, ambako alijifunza kusoma, kushona na kutembea kwa mstari. Alinyooka kama mchi mpya. Hakuwa msichana mbaya. Kama angekuwa mbaya ningejisikia vizuri zaidi.

Unajua nilijibu nini? Nilijibu, “Ndiyo, mama.” Mimi huyu, mwenye mdomo huu. Nikaenda nyumbani, nikachukua mchi, nikatwanga mpunga mpaka mama yangu akaja kuuondoa kwenye kinu, akasema alitaka mchele, hakutaka unga. Nililia, na sioni haya kusema. Sikutaka zawadi ya Bwana wala sifa ya shefu. Nilitaka kucheza Kabambare, mbele ya watu wote, mara moja tu katika maisha yangu, nikiwa ndani ya ngoma na mikono yangu haina mtoto wa mtu.

Zikabaki siku tatu. Mama Shefu akatuita uani kwake kwa jaribio. Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, vikwembe vya watu kumi na wawili, nguo zao za kujitanda, vimerundikwa mapajani mwangu, na cha Mama Shefu juu yake. Binti yake akasimama mbele. Ngoma aliijua, alijifunza barazani kwao kwa kuhesabu hatua, alivyozoeshwa na masista. Nami nikaita kutoka pembeni, “Ande!”

Wakaanza kutembea.

Wote kumi na wawili walikuwa wanachechemea. Mguu wa kulia ulikwenda vizuri, halafu wa kushoto ukachelewa, nyonga ikashuka, bega likaifuata, na kidole gumba kikakwaruza vumbi. Kumi na wawili, kwa pamoja, mguu wa kushoto. Na wifi yangu alikuwa katikati yao, naye anaukokota mguu wake mzima kwa bidii!

Nikasema moyoni, wananicheka. Wamengoja niwekwe pembeni, sasa wananicheka mbele ya macho yangu.

Nilisimama nikavitupa vikwembe chini, cha Mama Shefu pia, na nikaondoka. Niliondoka kwa haraka, na haraka kwangu ndiyo inayochechemea kuliko zote, jambo lililonizidishia hasira. Nyuma yangu nilimsikia Mama Shefu akipaza sauti, maana naye alikuwa ameona.

“Acheni! Munamucheka mwenzenu? Hamuna haya?”

“Tunamucheka nani, mama?” wakauliza.

Wifi yangu alinifukuzia mpaka kwenye njia ya mihogo, akanishika mkono. “Weye! Iko nini?”

“Niache. Endeleeni kuchechemea.”

“Nani anachechemea?”

“Wewe! Na wenzako wote! Nimewaona!”

Akanikazia macho kana kwamba homa imenirudia. Kisha akatazama chini, kwenye mguu wake. Pale pale njiani, bila mchi, akafanya hatua: ande, kulia. Ande, kushoto. Nyonga ikashuka, kidole kikakwaruza. Akarudia, polepole zaidi. Mdomo ukamfunguka.

“Yoo, mama yangu!” akasema. “Kumbe! Lakini si ndivyo ulivyotufundisha?”

Wala hakuwa ananitania. Tuliangaliana pale katikati ya mihogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, wifi yangu hakucheka.

Tuliporudi uani, kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake. Mama Shefu alikwisha kuamua. “Vizuri. Sasa muicheze bila kuchechemea. Kila mutu anyooshe muguu.” Wakajaribu. Ee, ungeona! Michi ilifika chini kabla ya miguu. Mmoja alimpiga mwenzake kwenye vidole, mwingine aligeuka kabla ya wakati, na Repo ilipofika nusu walikuwa wamesimama na nusu bado wanakwenda. Ule mguu wa kushoto uliochelewa ndio uliompa kila mtu nafasi ya kuvuta pumzi na kuinua mchi. Ukiuondoa, hapabaki ngoma, inabaki kazi ya barabara. Wakajaribu tena, ikawa mbaya zaidi.

Aliyeinua mkono ni binti wa Mama Shefu, kama wanavyoinua shuleni.

“Mama,” akasema, “hawa hawakosei. Watu kumi na wawili wanaenda namna moja, miye peke yangu ninaenda ingine. Anayeharibu mustari ni miye.”

Mama Shefu alimtazama mwanawe, akatutazama sisi, akaokota kikwembe chake mavumbini na kukikung’uta kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyokuwa.

“Kwa hiyo nimupelekee Leta mustari muzima wa watu wanaochechemea,” akasema.

“Wanachechemea pamoja, mama,” akajibu binti yake.

“Haya.” Akanigeukia. “Weye rudi mbele. Huyu umufundishe, atakaa nyuma. Lakini Leta akikasirika akiuliza nani alileta mambo haya, nitasema ni weye.”

“Sema, mama,” nikamjibu. “Ni mimi.”

Nilikuwa na siku tatu za kumfundisha msichana aliyenyooka namna ya kuchechemea. Na swali lake la kwanza lilinishinda. “Yaya,” akaniuliza, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, “unaanza wapi? Kisigino ao nyonga?”

Sikujua. Miaka kumi na tisa natembea na mguu ule, nikijitahidi usionekane, na sikujua unaanzia wapi. Ikabidi nitembee uani, kwenda na kurudi, yeye akiwa amechuchumaa ananitazama. Nilizoea kutazamwa kwa huruma au kwa mtu kugeuza uso haraka. Huyu alinitazama kama fundi anayetazama mshono ili naye aushone. “Tena,” alisema. “Tena kidogo. Aa, nimeona: kisigino kinapanda, unangoja, nyonga inashuka, halafu kidole.” Na kweli ilikuwa hivyo. Kwanza niliona aibu, nikahisi nimevuliwa nguo. Baadaye nikafurahi, nikafurahi sana, nikatembea uani hata mara ambazo hazikuhitajika.

Tukaenda Kabambare kwa kamio ya mfanyabiashara wa pamba, tumesimama, michi imesimama pia. Uwanja wa Leta ulikuwa umefagiliwa mpaka unang’aa. Bwana Administratere alikaa kivulini amevaa nyeupe, karani wake nyuma yake, na upande wa pili, chini ya bendera, askari walisimama mistari miwili, wamekakamaa, hata nzi hawamfukuzi.

Zamu yetu ilipofika niliingia mbele. Nilisikia watu wa vijiji vingine wakinong’ona walipouona mguu wangu. Halafu nyuma yangu wakaingia kumi na watatu, wote na mguu ule ule, na minong’ono ikakatika. Nikaita ande, michi ikapiga, uwanja ukatetemeka. Nilikuwa ninacheza Kabambare. Nikajaza kifua hewa, na kwa sauti yangu yote nikaita:

“Repo!”

Tukaegemea michi. Na chini ya bendera askari wote, mistari yote miwili, wakalegeza miguu na kupumzika.

Mama yangu weee! Sisi hatukuelewa tumefanya nini. Tuliona tu kwamba uwanja mzima umenyamaza, na sajenti amegeuka na macho yamemtoka. Mama Shefu alijifunika uso kwa kikwembe. Kwa pembe ya jicho nilimwona Bwana ameinama mbele, na nikasema moyoni, haya, nimeahidi kusema ni mimi, nitasema. Kumbe alikuwa anacheka. Alishika kofia yake kwa mikono miwili akacheka kama mtu wa kawaida, na alipocheka yeye, uwanja mzima ukapata ruhusa. Mimi nilikuwa tayari nimeita ande. Tuliita Repo mara tano nyingine, na kila mara askari walikaza meno wasilegee.

Tulipomaliza, Bwana alimuuliza karani wake kitu, akionyesha miguu yetu. Karani alikuwa mtu wa mjini, mwenye koti, hajawahi kukanyaga kijiji chetu. Alijibu bila hata kufikiri. Bwana akatoa kitabu kidogo mfukoni, akaandika.

Baadaye karani alitujia akijisifu. “Ameuliza juu ya nini munatembea vile. Nimemwambia ni desturi ya kule kwenu, tangu mababu.”

Tangu mababu! Ngoma haikuwa imemaliza msimu mmoja. Nikafungua mdomo nimsahihishe, Mama Shefu akanikanyaga, mguu wa kulia, ule mzima. “Ni kweli,” akamwambia karani. “Ni desturi yetu.” Na njia nzima ya kurudi, kamio iliposimama kijiji chochote, alisimama yeye kuwaeleza watu juu ya desturi yetu, mpaka wifi yangu akawa hawezi kupumua kwa kicheko.

Miaka michache ikapita. Niliolewa Kasongo, Wabeleji wakiwa bado wapo. Siku moja kulikuwa na harusi kwa jirani zetu, familia ya Waislamu wa mjini, watu wakarimu, na mchana wanawake tulikuwa uani. Nikasikia michi inapiga ardhi. Nikasikia, “Ande! Ande!” Wasichana wa pale, ambao sikuwahi kuwafundisha wala kuwaona, walikuwa wanaicheza Repo.

Nilimpa jirani mtoto wangu amshike. Nikafunga kikwembe vizuri, nikachukua mchi, nikaingia mwisho wa mstari. Nilicheza kwa raha zangu, bila kufikiri juu ya kitu. Kando yangu alikuwa binti wa miaka kama kumi na miwili, miguu yake miwili imenyooka. Nikamwona ananitupia jicho, mara moja, mara mbili. Tulipofika kwenye Repo akaniinamia, kwa adabu kabisa, ili wengine wasisikie.

“Samahani, mama,” akasema. “Huo muguu wa kushoto unaukosea. Haiko hivyo. Kisigino kinapanda, unangoja, nyonga inashuka, halafu kidole.”

“Nani amekufundisha?”

“Ni desturi, mama.”

Wanaonijua wanajua kwamba mimi sikubali kusahihishwa, hata na mume wangu, hata na padri. Nilimtazama mtoto yule. Nikatazama mguu wake mzima, ulivyochelewa, ulivyokwaruza vumbi kwa kidole, vizuri kuliko wangu.

“Nionyeshe tena,” nikamwambia.